Kupasuka, kuungana, kumeguka, kuyeyuka: vitenzi vinne vya kuelewa nyuklia

Mwaka jana, katika mazoezi ya tafsiri, tulipewa aya moja ya Kifaransa kuhusu ajali ya Fukushima, kule Japani, mwezi wa Machi 2011. Aya hiyo ilisema kwamba katika vinu vitatu vya nyuklia kulitokea « fusion du cœur ». Mimi niliandika: "myeyungano wa viini". Neno myeyungano nilikuwa nimelikuta katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili, na nilijivunia kulijua. Mwalimu alilipigia mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Kwa tafsiri hii, jua liliwaka ndani ya kinu."

Sikuelewa. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba kosa langu si la sarufi, ni la fizikia, niende nikasome. Nimesoma. Nilichogundua ni kwamba kwa neno moja nilikuwa nimebadilisha ajali mbaya kuwa jambo ambalo wanasayansi wamekuwa wakihangaika kulifuga kwa zaidi ya miaka 70, na mpaka leo halijawasha hata balbu moja ya mji.

Naandika makala haya kwa sababu wengi wetu katika kitivo hiki tutakuwa walimu, watangazaji wa redio na watafsiri. Tena tunaishi Katanga, nchi ambayo jiwe lake liliingia katika historia ya bomu la atomi. Siku mtu wa Likasi atakapotuuliza kama ardhi ya Shinkolobwe inaweza kulipuka, tukimjibu kwa neno lisilo lake tutamtia hofu ya bure au tutamnyima tahadhari ya kweli. Mambo yanayochanganywa ni manne. Kifaransa huyaita kwa majina ambayo mawili yanafanana kabisa. Kiswahili kina vitenzi vinne tofauti, na nitajaribu kuonyesha kwamba hata viambishi vya vitenzi hivyo vinatusaidia.

Kwanza, kiini

Kila atomi ina kiini katikati. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya ya umeme, na nyutroni, zisizo na chaji. Elektroni huzunguka nje. Mambo mengi tunayoyaona kila siku, kama moto, kutu, uchachu wa pombe na umeme wa nyumbani, ni mambo ya elektroni za nje. Mama akiwasha makala (watu wa pwani husema mkaa, maana kwao makala ni haya unayoyasoma), kaboni inashikana na oksijeni na joto linatoka, lakini kiini cha kaboni kinabaki kilivyokuwa. Nyuklia inaanza pale kiini chenyewe kinapobadilika.

Ndani ya kiini kuna nguvu mbili zinazoshindana. Protoni zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana. Nguvu ya pili inazivuta pamoja, protoni na nyutroni bila kubagua. Hii ya pili ni kali kuliko ile ya kwanza, lakini mkono wake ni mfupi: inashika tu vitu vinavyokaribia kugusana. Katika kiini kidogo, kila chembe iko karibu na nyingine, na gundi inashinda. Katika kiini kikubwa kama cha urani, chenye protoni 92, kila protoni inasukumwa na nyingine zote 91, lakini inashikwa na majirani tu. Kiini kama hicho kiko kama gunia lililojazwa kupita kiasi: mshono bado unashika, ila kwa shida.

Kupasuka

Mwezi wa Desemba 1938, mjini Berlin, wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Walikuwa wakirushia urani nyutroni, na katika mabaki wakakuta bariamu, ambayo ina protoni 56 tu. Aliyeeleza maana yake ni mwanafizikia Lise Meitner, aliyekuwa amekimbilia Sweden mwaka uleule kwa sababu ya mateso ya Wanazi, pamoja na mpwa wake Otto Frisch. Walisema kiini cha urani kimegawanyika vipande viwili. Frisch alimwuliza mwanabiolojia mmoja neno gani hutumika seli inapojigawa, akajibiwa: « fission ». Basi jina hilo liliazimwa kutoka kwa seli hai. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini findere, kupasua.

Sisi tunasema kupasua kuni. Shoka linapasua, gogo linapasuka. Hapa shoka ni nyutroni. Kwa kuwa haina chaji, hakuna kinachoisukuma nje. Inaingia katika kiini cha urani 235 bila kubishiwa. Kiini kinatetemeka, kinarefuka, kinapasuka vipande viwili, na vipande hivyo vinarushwa mbali kwa kasi kubwa. Kasi hiyo ndiyo joto tunalolipata.

Pamoja na vipande hivyo zinatoka nyutroni mbili au tatu. Kila moja inaweza kuwa shoka la kiini kingine. Ndiyo sababu napenda kusema kwamba viini vya urani havipasuki tu, vinapasuana: kimoja kinatoa kinachokipasua kingine. Katika vitenzi vyetu, pasua, pasuka na pasuana ni hatua tatu za jambo hilohilo, na hatua ya tatu ndiyo ile ambayo fizikia inaiita mfululizo wa mipasuko. Enrico Fermi na wenzake waliufanikisha kwa mara ya kwanza Chicago, tarehe 2 Desemba 1942. Ukiuachia mfululizo huo uongezeke katika sehemu ndogo sana ya sekunde, una bomu. Ukiuzuia ili kila mpasuko uzae mpasuko mmoja tu, una kinu cha umeme. Katika kinu, nondo zenye vitu vinavyomeza nyutroni, kama boroni au kadimiamu, huteremshwa ili kupunguza moto na hupandishwa ili kuuongeza. Kinachobaki ni kazi ya kawaida: joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, mashine inatoa umeme.

Kiasi chake kinashangaza. Kilo moja ya urani 235 ikipasuka yote inatoa joto ambalo ungelipata kwa kuchoma zaidi ya tani 2,000 za makala. Lakini katika urani inayotoka ardhini, 235 ni asilimia 0.7 tu, karibu yote iliyobaki ni urani 238, ambayo haipasuki kwa urahisi hivyo. Ndiyo maana vinu vingi hutumia urani iliyorutubishwa, yaani ambayo 235 yake imeongezwa hadi asilimia 3 au 5.

Kongo iko ndani ya habari hii tangu mwanzo. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilichimbwa na Union Minière du Haut-Katanga, kwanza kwa ajili ya radiamu. Madini yake yalikuwa na utajiri wa urani ambao haukuwa na mfano. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka hapo. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa la urani 235. Mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwashwa kinu cha kwanza cha utafiti katika Afrika nzima. Kiliitwa TRICO, jina lililoshonwa kutokana na TRIGA, aina ya kinu chenyewe, na Congo.

Kuungana

Sasa tugeuke upande wa pili. Badala ya kiini kikubwa kugawanyika, viini viwili vidogo vinakuwa kimoja. Ndiyo kazi ya jua. Katikati yake, kwenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, viini vya hidrojeni vinaungana, hatua kwa hatua, hadi kuwa heliamu. Kila sekunde jua linageuza tani milioni 600 za hidrojeni, na tani milioni 4 kati ya hizo hazionekani tena kama maada: zimekuwa mwanga na joto. Muhogo unaokua shambani, mvua, hata kuni na makala ya mama, vyote ni jua lililohifadhiwa.

Tazameni kiambishi -an-. Tofauti yote kati ya fission na fusion imo humo. Ili kupasua, mtendaji mmoja anatosha, na anaingia bila kukatazwa. Ili kuungana, lazima wawili wakutane, na hawa wawili wanasukumana kwa sababu wote wana chaji chanya. Wakiwa mbali, msukumano unashinda. Wakikaribiana kabisa, gundi ile yenye mkono mfupi inawashika na hawaachani tena. Tatizo ni kuwafikisha. Njia ni joto: joto ni mwendo, na chembe zenye mwendo mkali hugongana kabla ya kurudishana nyuma. Katika joto hilo elektroni zinatengana na viini, na gesi inakuwa kitu kingine kinachoitwa plazima.

Jua lenyewe lina uvumilivu ambao sisi hatuna. Kwa wastani protoni moja katikati ya jua husubiri mabilioni ya miaka kabla ya kuungana na nyingine. Jua linaangaza kwa kuwa protoni zake hazihesabiki. Kinu cha hapa duniani hakiwezi kusubiri, kwa hiyo wanasayansi wamechagua ndugu wawili wa hidrojeni wanaoungana kwa urahisi zaidi: deuteriamu, yenye protoni moja na nyutroni moja, na tritiamu, yenye protoni moja na nyutroni mbili. Zikiungana zinatoa heliamu na nyutroni moja yenye kasi kubwa. Hata hivyo joto linalotakiwa ni nyuzi kama milioni 150, mara kumi ya katikati ya jua.

Chombo gani kitabeba moto wa namna hiyo? Hakuna chuma kinachoweza. Jibu moja lilitoka Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1950: kwa kuwa plazima ina chaji, inaweza kushikwa na sumaku bila kugusa ukuta. Kifaa hicho chenye umbo la ringi kinaitwa tokamaki, neno lililofupishwa kutoka maneno ya Kirusi yenye maana ya chumba cha mviringo chenye koili za sumaku. Tokamaki kubwa kuliko zote, ITER, inajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, na Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea ya Kusini. Ile ya Culham, Uingereza, iliyoitwa JET, katika majaribio yake ya mwisho mwaka 2023 ilitoa megajuli 69 kutokana na miligramu 0.2 tu za kuni yake, lakini ilikula nguvu nyingi kuliko ilizotoa.

Jibu la pili ni leza. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore, California, leza 192 zilipiga kidonge kidogo cha deuteriamu na tritiamu. Kidonge kilipokea megajuli 2.05, kikarudisha 3.15. Magazeti yalitangaza ushindi, na ulikuwa ushindi kweli. Lakini ili kuziwasha leza hizo, megajuli kama 300 zilitolewa kwenye waya za umeme. Anayetafsiri habari kama hiyo lazima aseme yote mawili.

Kwa nini kupasuka na kuungana vyote vitoe nguvu?

Swali hili lilinisumbua sana. Kama kuvunja kunatoa joto, kujenga si kungekula joto? Nilielewa nilipofikiria bonde lenye miteremko miwili. Chini kabisa bondeni kuna chuma na jamaa zake: viini vyao ndivyo vilivyoshikana imara kuliko vyote. Upande mmoja wa juu iko hidrojeni, upande mwingine iko urani. Mawe ya pande zote mbili yanaporomoka kuelekea bondeni, na kila jiwe linaloporomoka linatoa nguvu. Vile vidogo hushuka kwa kuungana, vile vikubwa hushuka kwa kupasuka. Chuma hakitoi kitu, ukikiunganisha wala ukikipasua.

Miteremko hiyo haifanani. Ule wa hidrojeni ni mkali zaidi. Urani ikipasuka inapoteza kama asilimia 0.1 ya uzito wake kuwa nguvu. Deuteriamu na tritiamu zikiungana zinapoteza karibu asilimia 0.4. Kilo kwa kilo, kuungana kunatoa mara nne.

Kuna tofauti nyingine tatu. Ya kwanza ni kuni yenyewe. Urani ni ya nchi chache. Deuteriamu iko katika maji yote ya bahari, kama gramu 33 katika kila mita moja ya ujazo. Tritiamu karibu haipatikani kwa asili. Hutengenezwa kwa kupiga lithiamu kwa nyutroni. Lithiamu tunayo: Manono, katika jimbo la Tanganyika, ina moja ya akiba kubwa za dunia. Leo inatafutwa kwa ajili ya betri, na vinu vya muungano vitahitaji kiasi kidogo tu. Lakini ni vizuri kujua kwamba njia zote mbili za nyuklia zinapita karibu na milango yetu.

Ya pili ni namna ya kusimama. Kupasuka kunataka kuzuiwa. Kuungana kunataka kubembelezwa. Katika tokamaki kuni iliyomo kwa wakati mmoja haizidi gramu chache, na plazima ikipoa kidogo tu, yote inazimika. Hakuna mfululizo wa kukimbia.

Ya tatu ni mabaki. Vinu vya mpasuko huacha taka ambazo baadhi yake lazima zilindwe kwa maelfu ya miaka. Muungano huacha heliamu, isiyo na madhara. Hata hivyo nyutroni zake zinaufanya ukuta wa kinu utoe mionzi kwa miongo mingi, na tritiamu yenyewe ina mionzi. Tusiseme basi kwamba muungano ni safi kama maji ya mvua. Tena tusiseme ni wa amani tu: bomu la hidrojeni, lililojaribiwa na Marekani mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1952 katika Bahari ya Pasifiki, ni muungano unaowashwa na bomu la mpasuko.

Kumeguka

Neno la tatu ndilo muhimu kuliko yote kwa mtu wa Likasi. Jiwe la urani likiwa limelala ardhini halipasuki kwa mfululizo, wala haliungani na kitu. Linameguka. Kiini cha urani 238 kinatupa nje kipande kidogo chenye protoni mbili na nyutroni mbili, kinakuwa thoriamu. Thoriamu nayo haitulii, na safari inaendelea, inapita kwenye radiamu na gesi ya radoni, hadi kufika kwenye risasi, ambayo inatulia. Vipande na miale vinavyotoka njiani ndivyo mionzi.

Kitenzi kinasema kweli: ukuta unameguka bila mtu wa kuumegua. Hapa hapahitajiki shoka wala joto. Hakuna anayeanzisha na hakuna anayeweza kuzima. Nusu ya urani 238 yoyote inachukua miaka bilioni 4.5 kumeguka, karibu umri wa dunia. Nusu ya radoni inachukua siku nne hivi.

Basi Shinkolobwe haiwezi kulipuka kama bomu. Katika jiwe la leo urani 235 ni kidogo mno. Zamani sana ilikuwa zaidi: huko Oklo, nchini Gabon, mwaka 1972 iligunduliwa kwamba miaka karibu bilioni mbili iliyopita mipasuko ilijiendesha yenyewe ardhini, kwa msaada wa maji, kwa muda mrefu, nayo ilikuwa ya polepole, si mlipuko. Lakini kusema haiwezi kulipuka si kusema haina hatari. Radoni na vumbi vikiingia mapafuni vinameguka ndani ya mwili, na huko ndiko saratani inakoanzia. Tena mashimo yenyewe yanaua: mwaka 2004, ingawa uchimbaji ulikuwa umepigwa marufuku, ardhi iliporomoka juu ya wachimbaji waliokuwa wakitafuta kobalti, na baadhi yao wakafa. Mtu aliyeambiwa aogope mlipuko, naye akaona miaka inapita bila mlipuko, anaweza kuhitimisha kwamba alidanganywa, akarudi shimoni bila hata kitambaa puani. Hapo neno baya linakuwa na gharama.

Kuyeyuka

Sasa naweza kurudi kwenye mstari wangu mwekundu. Neno la Kifaransa « fusion » limetoka kwa Kilatini fundere, kumimina, kuyeyusha. Kifaransa hulitumia kwa barafu inayoyeyuka, kwa shaba ndani ya tanuri, na kwa viini vinavyoungana. Sisi wa Lubumbashi, mji uliokua kando ya tanuri la shaba, tunajua kuyeyuka ni nini: kitu kigumu kinakuwa majimaji kwa joto. Atomi zinalegea, lakini viini havibadiliki. Shaba inabaki shaba. Kuyeyuka si jambo la nyuklia hata kidogo.

Fukushima ilikuwaje? Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilipopiga, nondo za kumeza nyutroni ziliingia katika vinu vilivyokuwa vikifanya kazi, na mipasuko ikasimama. Lakini vipande vilivyokuwa vimezaliwa na mipasuko ya awali viliendelea kumeguka, na kumeguka huko kunatoa joto ambalo hakuna kitufe cha kulizima. Maji yalitakiwa yaendelee kupoza. Tsunami ikaharibu mashine za umeme za dharura, pampu zikanyamaza, maji yakakauka, na kuni ya urani pamoja na vyuma vyake ikayeyuka. Kwa ufupi: kupasuka kulikoma, kumeguka kukaendelea, moyo wa kinu ukayeyuka, na kuungana hakukuwapo kabisa.

Hata milipuko iliyoonekana kwenye televisheni ilikuwa ya gesi ya hidrojeni iliyotokana na vyuma vyenye joto kukutana na mvuke; gesi hiyo iliwaka na oksijeni ya hewa. Ni moto wa kawaida, mambo ya elektroni. Mtafsiri anayesikia "hidrojeni" na "mlipuko" katika sentensi moja asikimbilie bomu la hidrojeni.

Pendekezo

Nionavyo mimi, neno myeyungano limebeba kosa la Kifaransa hadi ndani ya Kiswahili: limeshona yeyuka na ungana katika nguo moja. Yeyote atakayelisikia atafikiri viini vinayeyuka. Napendekeza tuseme mpasuko wa viini, muungano wa viini, mmeguko wa viini, na kwa ajali, kuyeyuka kwa moyo wa kinu. Kiini kiwe cha atomi, moyo uwe wa kinu, ili navyo visichanganyike. Najua kuna pingamizi. Kupasuka, kwetu, hutumika pia kwa gurudumu au puto, na msikilizaji anaweza kusikia kishindo; mwalimu aanze na kuni na shoka. Muungano nao unanuka siasa. Lakini msikilizaji anayejua kwamba watu wawili wakiungana kila mmoja lazima asogee, tayari ameelewa nusu ya fizikia.

Lugha nyingine zinazofundishwa na kusemwa hapa, kama Kiluba na Kibemba, nazo zina kiambishi cha kutendana. Ningefurahi kama wenzangu wanaozijua wangetafuta vitenzi vyao vinne na kuvileta katika jarida hili, tuvilinganishe.

Mimi sentensi yangu nimeiandika upya: "Katika vinu vitatu, moyo wa kinu uliyeyuka." Ni maneno machache, na jua limerudi mahali pake.